Maswali ya gari: Carina ya maalim, itiwe pesa au iuzwe?

Barua zilizokuja safari hii ni nyingi lakini ukizichuja zote zinauliza kitu kimoja, gari imezeeka, kilometa zimepanda, niitie pesa au niiache iende zake. Na najua kwa nini zimekuja pamoja, pesa ya karafuu ikishaingia mkononi kila mtu ndo anaanza kusikia gari yake inavolia. Nimechagua tatu. Ya kwanza ntaijibu kwa urefu maana imebeba kila kitu, mbili za mwisho ntazipitia haraka mnisamehe.

SWALI: Asalaam alaykum fundi. Mie mwalimu wa skuli, naishi Wete. Nina Carina Ti ya mwaka 2000, injini 5A, nimeinunua Unguja 2012 ikiwa na kilometa laki na kitu, sasa dashibodi inasoma 287,000. Asubuhi nikiwasha inatoa moshi wa bluu mpaka jirani anafunga dirisha, baada ya dakika mbili tatu unaondoka na njiani siuoni tena. Oili inapungua, nikienda kama kilometa elfu natia lita moja. Mbele inagonga kwenye mashimo. Na chengine sijui kama kina maana, kapeti ya mbele upande wa abiria inaroa maji, mke wangu kila akipanda anavua viatu kwanza halafu anaisema gari mpaka tufike. AC lakini bado inapiga baridi ya ajabu. Fundi wangu hapa kasema injini imekufa nimpe milioni mbili na nusu aifungue yote. Kuna mtu Chake anaitaka kama ilivyo kwa milioni tatu na nusu. Mkononi nina milioni sita za karafuu, na nimeoneshwa Vitz Unguja, milioni tisa. Mama watoto kasema uza. Nifanyeje?
— Maalim, Wete

JIBU: Waalaykum salaam maalim. Hebu tuanze na huyo mtu wa Chake kwanza kabla ya injini. Gari injini imekufa, mbele inagonga, kapeti maji, halafu mtu anatoa milioni tatu na nusu taslimu bila kupunguza? Huyo kashaiona gari yako ikipita barabarani na anajua haijafa. Mie ningekuwa wewe hapo tu ningesita.

Sasa moshi. Umeniandikia kitu muhimu sana na pengine hujui kama umekiandika, moshi unatoka asubuhi na baada ya dakika chache unaondoka na njiani huuoni. Injini ambayo ringi zake za pistoni zimekwisha haifanyi hivo, ile inatoa moshi ukikanyaga mafuta kupanda kilima, na Pemba vilima si haba, ungeshauona siku nyingi kwenye kioo cha nyuma. Moshi wa kuwashia tu mara nyingi ni sili za valvu. Hivi vimipira vidogo vinakaa juu kwenye silinda hedi, vikizeeka vinakuwa vigumu kama kokwa, usiku gari ikilala oili inateremka taratibu kwenye shina la valvu inaingia ndani, asubuhi ukiwasha inaungua yote kwa pamoja, jirani anafunga dirisha. Ikishaungua basi, kimya mpaka kesho.

Ila lita moja kwa kilometa elfu ni nyingi, sitaki nikudanganye. Sili peke yake zinaweza kunywa hivo, lakini huenda ringi za oili nazo zimeganda kidogo, na huenda pia oili haiungui yote, inavuja. Hizi injini za 5A zina tabia ya kuvuja kwenye gasketi ya kava la valvu na kwenye ule mpira wa mviringo wa distribyuta. Chukua kadibodi la friji au la tivii, litie chini ya injini usiku, asubuhi litoe uliangalie. Ukikuta matone nyuma upande wa distribyuta ushapata jawabu la nusu lita kwa mpira ambao bei yake hata aibu kuitaja.

Halafu kabla hujatoa hata senti ya kufungua injini, mwambie fundi apime kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa. Akikwambia hana geji tafuta mwenye geji, lakini usikubali mtu akufungulie injini kwa kusikiliza kwa sikio. Inapimwa hivi na ukae hapo uone: injini iwe ya moto, plagi zote nne zitolewe, umeme wa plagi na mafuta yakatwe, mtu akanyage mafuta mpaka chini, betri iwe nzima, halafu washa izunguke mara kadhaa uandike namba. Silinda moja moja, zote nne. Mie naangalia mambo mawili tu hapo. Namba isishuke chini ya 140 hivi kwa psi, na silinda zisipishane sana, zikipishana kama kumi na kitu bado tunavumilia, zikipishana thelathini hapo kuna jambo. Kama kuna silinda iko chini, tia oili kijiko kimoja kwenye tundu la plagi pima tena. Namba ikipanda sana basi ringi zimechoka, isipopanda basi tatizo liko kwenye valvu. Kazi yote hiyo saa moja na fundi mwenye haraka nusu saa.

Mafundi wenzangu watanichukia lakini nsema, "injini imekufa" ni maneno rahisi mno. Kufungua injini yote kuna pesa, kubadilisha sili za valvu hakuna pesa.

Sasa tuje kwenye kapeti. Maalim wewe umeiandika kama kitu ambacho hujui kama kina maana, na mie nakwambia katika barua yako nzima hichi ndicho kilichonitisha. Injini ya 5A hata ikifa kweli inapatikana nyengine, ilitiwa kwenye Corolla 110, kwenye Sprinter, kwenye hiyo Carina, spea zake Darajani na Dar zipo tele na za mbele pia nyingi unachangia na Premio ya zamani. Lakini sie tunakaa kisiwani. Hewa ya hapa ina chumvi, barabara nyingi zinapita karibu na bahari, na gari ikivuka na meli inakaa kwenye deki inarushiwa maji ya bahari masaa, halafu ikifika inaoshwa juu tu ing'are, chini hakuna anaeangalia. Gari hapa haifi kwa kilometa, inaliwa. Na bodi ikishaliwa hakuna spea ya bodi.

Nilikuwa na Corona mie zamani, injini tamu. Nikaitia giaboksi, nikaitia shokapu nne mpya, nikapiga na rangi nikaona nimemaliza, watu wananisimamisha wanauliza bei. Siku moja natoka Bububu nimebeba mchele gunia mbili na shemegi yangu, nikaingia shimo dogo tu, nikasikia *pah*, kumbe shokapu ya nyuma imetoboa mnara wake imepanda juu imekuja kuchungulia kwenye buti. Bati la pale lilikuwa limebaki puti, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, na rangi. Shokapu mpya kabisa, ilikuwa haina pa kukaa. Niliiuza wiki ile ile kwa bei ya giaboksi. Tokea siku ile mtu akiniletea gari kuuliza itengenezwe au iuzwe nalala chini kwanza ndo nafungua boneti.

Kwaiyo fanya hivi. Chagua siku haina mvua, toa kiti cha mbele cha abiria, ni bolti nne tu, inua kapeti yote pamoja na lile sponji la chini mpaka uone bati. Maji yale yanaweza kutoka sehemu nne na kila moja ina maana yake.

Yakiwa masafi tu, hayana rangi hayana harufu, na yanazidi siku ulizotumia AC, huenda ni mpira wa kutolea maji ya AC umeziba. AC inatoa maji, ndo yale matone unayoyaona chini ya gari ikisimama, yanapita kwenye kipaipu kidogo kinachotoboa ukuta wa injini upande wa abiria, kikiziba kwa vumbi na majani maji yanarudi ndani kwenye miguu ya mama watoto. Kama gari yako siku hizi haidondoshi maji chini na AC inapiga baridi, mie kichwa changu kinakwenda hapo kwanza.

Yakiwa ya kijani au mekundu, yanateleza kwenye vidole na yana harufu ya utamu utamu, hayo ni kulanti, maji ya kupozea injini, yanavuja kwenye hita, na kama wewe radieta unatia maji ya bomba au ya kisima basi rangi hutoiona ila utaona maji kwenye radieta yanapungua. (Na kama unatia ya kisima acha leo leo, ile chumvi inakula radieta na hedi kwa ndani. Muulize pia fundi kama themostati ipo maana wengi wanaitoa na kuitupa, injini haipati joto lake, inakula mafuta na inachakaa kabla ya siku zake.)

Yakija siku za mvua tu, angalia mpira wa mlango na mpira wa kioo cha mbele.

Na yakija ukipita kwenye madimbwi, basi sakafu ina tundu, na hapo ndo tunasema mengine.

Wakati kapeti iko juu chukua bisibisi ya bapa, ushike kwa mpini ugonge gonge sakafu yote, halafu ile boksi ya chini ya mlango kwa urefu wake wote, halafu pale panapotiwa jeki. Bati zima linalia *ting*, bati lililooza linalia kama unagonga boksi la biskuti, na bisibisi inaingia. Kutu ya juu juu ya rangi ya chai usiiogope, ile unasugua kwa msasa unapaka dawa ya kutu na rangi. Naiogopa ile inayotoka kwa matabaka kama mkate wa kusukuma. Juu kwenye minara ya shokapu, mbele fungua boneti na nyuma toa kadibodi za buti, hapo peleka na sumaku. Ile ya spika mbovu inafaa, ifunge na kitambaa usikwaruze rangi, ipitishe, ikishika sawa sawa pana bati, ikianguka hapo pana puti, mtu kashakufanyia mapambo.

Sasa ukikuta sakafu imeliwa mpaka boksi ya mlango, au ukitia jeki inazama ndani, au minara ya shokapu ina puti, maalim mpigie simu yule mtu wa Chake leo, mwambie kila kitu kama kilivyo usimfiche, na hata akishusha mpaka milioni tatu mpe mkono. Usitie hata plagi. Kompresheni ikiwa nzuri au mbaya hapo haina tena kazi.

Ukikuta bati ni zima, basi itengeneze, na hapa ndo nakuja kwenye hesabu kwa sababu najua mama watoto ana hesabu yake na anahaki ya kujibiwa. Watu wengi wanachukua bei ya matengenezo wanailinganisha na bei ya gari, wanasema gari ya milioni tatu na nusu vipi nitie milioni mbili na nusu. Hesabu hiyo inakudanganya. Linganisha na huko unakokwenda. Ukiuza kwa tatu na nusu ukanunua Vitz ya tisa, umetoa tano na nusu katika sita zako za karafuu, umebakiwa na laki tano. Katika laki tano hiyo Vitz iko Unguja, kuna meli ya kuileta Pemba, kuna kubadilisha jina kadi, kuna bima, na ukishaileta nyumbani ndo utajua tairi zake za mwaka gani na AC yake inatia gesi kila baada ya miezi mingapi. Carina yako siri zake zote unazijua umekaa nayo tokea 2012. Hiyo Vitz siri zake anazijua anaeuza, na yeye hasemi.

Upande wa pili, ukikuta kompresheni iko sawa unatia sili za valvu, gasketi ya kava, mpira wa distribyuta, na wakati hapo juu pamefunguka tia na mkanda wa taiming na wota pampu kama hukumbuki lini mara ya mwisho, mkanda huo unabadilishwa kila kilometa laki moja hivi. 5A ina bahati moja, mkanda ukikatika valvu hazigongani na pistoni, gari inazima tu njiani unavutwa, lakini kuvutwa usiku njia ya Konde si mchezo. Mbele inagonga inaweza kuwa bushi za kontroli am, linki za stabilaiza au boljointi. Boljointi usiiwekee kesho, ikichomoka tairi inalala. Nyengine hata zikisubiri mshahara ujao hazikuui. Vyote hivyo ukijumlisha pamoja na fundi, sioni ukifika hiyo milioni mbili na nusu aliyoitaka fundi wako kwa injini peke yake, na pesa ya karafuu nyingi inabaki mkononi.

Lakini nakuekea sharti. Nunua daftari la skuli, wewe unayo mengi, andika kila shilingi inayoingia kwenye gari hiyo kuanzia leo mpaka msimu ujao, na kila siku iliyolala gereji ukapanda daladala. Giaboksi ikianza kuchelewa kushika gia asubuhi, au oili yake ukiitoa ina harufu ya kuungua, au daftari likaanza kukutisha mwenyewe, iuze ingali inatembea. Gari inayotembea inauzwa na mwenye nayo, ikishavutwa kwa kamba bei anaipanga mnunuzi.

Nijibu ulichokiona chini ya kapeti.

SWALI: Fundi habari, mie nina vyumba vya wageni Jambiani na Suzuki Escudo ya 1997 milango mitatu, naitumia kuwafata wageni mjini. Injini nzima kabisa haina tatizo lolote. Ila chesisi imetoboka karibu na tairi ya nyuma, kidole kinaingia. Fundi wa kuchomea kasema laki tatu atabandika bati atapaka lami nyeusi haitoonekana. Nifanye?
— Mama wa vyumba, Jambiani

JIBU: Dada yangu, "haitoonekana" ndo neno lililonikera. Escudo hiyo imejengwa kwenye chesisi, vyuma viwili virefu vinapita chini mbele mpaka nyuma, bodi imekaa juu yake tu. Kwaiyo chesisi si kitu cha kubandika. Tundu liko karibu na tairi ya nyuma, karibu kiasi gani? Kama ni pale pale mkono wa ekseli unapofungwa au springi inapokaa, usiipeleke tena mjini na mgeni ndani, wallahi hata bure. Kile chuma kikichanika kwa mwendo wa themanini pale Kitogani ekseli inakwenda upande wake na nyie upande wenu.

Kama tundu liko katikati mbali na hizo sehemu, kazi yake ni kukata mpaka ufike chuma kizima kinachong'aa, halafu kuchomea bamba nene kama la chesisi yenyewe na zaidi, lipite tundu pande zote, na ndani litiwe dawa ya kutu. Bati jembamba juu ya kutu linafunika maji ndani tu, ndani ya mwaka limeoza na safari hii hulioni kwa ajili ya lami. Na tundu moja la kidole halikai peke yake, mwambie fundi mwengine, asiwe huyo wa lami, agonge chesisi yote kwa nyundo mbele yako.

Ushauri wangu wa kweli ni kuiuza, tena usiiuze nzima. Injini nzima, giaboksi, ile transfa ya kubadilisha kuwa miguu minne, milango, taa, vioo, watu wa Escudo kisiwani ni wengi na wanavitafuta. Ukijumlisha vipande unaweza kupata kuliko mtu mmoja atakaekupa kwa gari yenye tundu, na bodi inayobaki wenye chuma chakavu wataibeba wenyewe. Ukimuuzia mtu nzima basi mlaze chini umuoneshe tundu kwa kidole chake mwenyewe.

Na gari utakayonunua, kila ukishuka pwani uipige maji chini, maji matamu lakini. Kuna watu huko pwani wanaosha gari kwa maji ya kisima yenye chumvi halafu wanaona wametunza.

SWALI: Kaka, gari yangu ya zamani nshaiuza, nataka kununua IST ya 2003 hapa Mwanakwerekwe, dashibodi 98,000, muuzaji anaapa. Ntajuaje kama kilometa hazijarudishwa nyuma?
— Kijana wa Mwanakwerekwe

JIBU: Namba za dijitali zinarudishwa na mtu mwenye laptopu kabla chai haijapoa, usizitazame. Fungua mlango wa dereva, angalia pembeni kwenye fremu, Wajapani wana tabia ya kubandika stika kila wakibadilisha oili wanaandika tarehe na kilometa. Maandishi huyajui lakini namba ni namba. Nshawahi kumpeleka jamaa kununua gari ya 80,000, stika ya mlangoni ikasoma 141,000, muuzaji akasema ile stika ya gari nyengine. Kama gari imepitia mnadani Japani omba ile karatasi ya mnada, kilometa zimeandikwa pale. Halafu angalia mpira wa pedali ya breki, kiti cha dereva upande wa kuingilia, na usukani pale mkono wa kulia unaposhika. Gari ya 98,000 haina pedali iliyolika mpaka chuma. Ikiwa na pedali mpya na kila kitu kingine cha zamani hapo jiulize pia.

Na hiyo uliyoiuza, kadi umeshabadilisha jina au umempa mtu ufunguo tu mkapeana mkono? Kama hujabadilisha mtafute leo. Akigonga mtu kesho polisi wanasoma jina kwenye kadi, na jina ni lako.

KUTOKA KWA MAALIM: Nilikuwa nshamaliza ukurasa huu ndo ikaja tena barua kutoka Wete, naiweka kama ilivyo.

"Fundi nimefanya kama ulivosema. Kapeti nilipoinua maji yalikuwa masafi kabisa, nikapiga bisibisi sakafu yote na boksi za milango, inalia vizuri, kutu ya juu juu tu pale miguuni. Kijana wangu akaingia chini na waya wa baiskeli akachokoa kile kipaipu cha AC, yakamwagika maji meusi na majani na kitu kama kiota, yeye kalowa kichwa chote anacheka. Kompresheni tumepima kwa fundi mwengine mwenye geji, 165, 160, 165, 158. Kadibodi usiku lilikuwa na doa kubwa kama sahani upande wa distribyuta. Yule mtu wa Chake nimemwambia siuzi, kapandisha mpaka milioni nne."

Namba zako ni nzuri kwa gari ya kilometa hizo maalim. Tia sili, tia mipira, ila boljointi ianze kabla ya vyote. Na kile kiota kama ni cha panya, angalia na nyaya za chini ya dashibodi.

Chini ya barua kaongeza mstari mmoja kwa kalamu nyengine: mama watoto kapanda juzi, kavua viatu kwa mazoea, kaweka miguu kwenye kapeti kavu, na hakusema kitu mpaka Chake.